Mbele ya kulipa minervali, tafuta kwanza atakayekuongoza

Kila mwaka, likizo kubwa inapoanza, swali lilelile linarudi katika chama chetu: niende kufanya master, ao nibaki na diploma yangu? Linatoka zaidi kwetu sisi walimu tuliosomea ISP, wenye miaka thelathini na kitu, asubuhi mbele ya kilasi, mangaribi mbele ya masufuria. Wamama wenzetu wa Lubumbashi wametuomba tuliandikie. Basi tuseme tunavyoliona.

Ngazi imebadilika. Zamani ilikuwa grada miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mpango wa LMD umeenea katika inchi yetu: lisansi miaka 3, master 2, doktora 3. Kwa hiyo mwenye grada ya zamani na mwenye lisansi ya zamani hawaingii kwa mlango mmoja. Nenda aparitora na diploma yako mkononi, uulize watakuweka mwaka gani. Usitosheke na maneno ya jirani.

Na mshahara? Hapa tuseme wazi. Diploma mpya haipandishi mshahara siku unapoipata. Dosie inapaswa kupita ofisi nyingi mpaka DINACOPE, ile tuliyokuwa tunaita SECOPE, na unaweza kungojea sana. Anayetaka siku moja kufundisha katika chuo, ao kufanya utafiti, master ni njia yake. Anayetaka tu kubaki katika kilasi ya nne ya msingi na kuongezewa franka, sisi tungemwambia apige hesabu mara mbili.

Katika hesabu hiyo, minervali ni sehemu moja tu, ile inayobandikwa ukutani. Kuchapa kurasa, kuzitoa kwenye karatasi, kufunga vitabu vya memuari, na basi kutoka Ruashi mpaka mjini, tena kutoka mjini mpaka Kasapa, havibandikwi popote. Uliza waliomaliza juzi. Wenye kuweka pesa katika AVEC waangalie pia mwezi wa kugawana sanduku, kwa sababu chuo hakingojei.

Nyumbani nako kuna mazungumzo. Kanuni ya Familia ya 1987 ilikuwa inamtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake. Sheria ya mwezi wa 7, 2016 iliondoa ruhusa hiyo na kuweka mapatano ya wote wawili. Mapatano hayo yafanyeni mapema, na yawe ya mambo yanayoonekana: nani atapika bukari siku za masomo ya mangaribi, nani atasahihisha kazi za watoto, mama mkwe ataambiwa nini. Wanaosema mwanamke mwenye vyeti vingi anavunja nyumba tunawakumbusha Sophie Kanza. Alipata diploma yake ya sosiolojia Lovanium katika 1964, mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza universite, na katika 1966 akawa waziri. Alipotoka serikalini alirudi kusoma tena.

Lakini jambo linaloangusha wengi si bwana wala pesa. Ni mwongozaji.

Kwa memuari kuna watu wawili. Kuna direkta, profesa mwenye kutia sahihi, na mara nyingi chini yake kuna ankadreri, asistanti ao shefu wa kazi, ambaye ndiye anasoma kurasa zako. Wengi wanakimbilia jina kubwa la yule wa kwanza. Jina kubwa linaweza kuwa linafundisha katika miji mitatu, na kurasa zako zinalala katika begi lake toka Pasaka mpaka Noeli. Mbele ya kuomba, tafuta watu wawili watatu aliowaongoza. Usiwaulize kama ni mtu mzuri, maana kila mtu atasema ndiyo. Waulize alikaa na sura ya kwanza siku ngapi, na wangapi walioanza naye wametetea. Ingia pia katika maktaba ufungue memuari alizotilia sahihi. Ukurasa wa shukrani unasema mengi: pale ankadreri anashukuriwa mistari sita na direkta nusu mstari, umeelewa nani alifanya kazi.

Jambo lingine ni somo lenyewe. Profesa anaweza kukupa somo linalomfaa yeye, la kukupeleka Kolwezi kila mwezi kuuliza watu maswali. Mwalimu mwenye watoto afadhali alete somo kutoka kilasi yake. Tunayo mengi! Tangu elimu ya msingi ya bure ianze katika 2019, madawati yamejaa: mtu anafundishaje kusoma katika kilasi ya namna hiyo? Sheria ya elimu ya 2014 inataka lugha za inchi zitumiwe kufundishia. Je, katika shule yako Kiswahili kinatumiwa kweli, ao ni Kifaransa tangu siku ya kwanza? Ukifika kwa profesa na swali kama hilo kwenye karatasi moja, utaona mara moja kama anajua kusikiliza.

Na lile linalosemwa kwa sauti ndogo. Kila mtu anajua zile poenti zinazolipwa kitandani. Sheria ya mwezi wa 7, 2006 juu ya ujeuri wa kingono inahesabu usumbufu wa namna hiyo kuwa kosa la kifungo. Kwa hiyo mwongozaji anayekupangia kukutana hotelini, ao saa mbili za usiku, usimfanyie heshima ya kumtafutia sababu. Omba mkutane katika ofisi, mchana, na mwenzako mmoja. Linda ujumbe wake wote katika simu. Akiendelea, andika barua kwa shefu wa departema, ubaki na kopi yenye muhuri, na ufanye hivyo mbele somo lako halijaandikwa kwa jina lake. Baadaye ni vigumu zaidi.

Jumamosi, kisha mkutano wa AVEC, wenzetu waliokwisha kutetea watabaki saa moja kujibu maswali. Mwenye kuja alete diploma yake na ile karatasi moja ya somo.