Afya ya wanyama: kizazi cha mbwa kikijaa usaha, antibiotiki peke yake haitoshi

Wanaofuga mbwa jike kwa kulinda parseli, iwe Goma, Bukavu ama Bunia, wawe macho majuma machache baada ya kipindi cha joto. Mbwa akikataa chakula, akinywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara, huenda kizazi kimejaa usaha. Ugonjwa huo unaitwa piometra.

Usaha ukitoka nje, angalau unaonekana. Mlango wa kizazi ukijifunga, tumbo linaweza kuvimba, kizazi kikapasuka na mbwa akafa.

Tiba ya uhakika ni upasuaji: mganga wa wanyama anampa serumu na antibiotiki, kisha anatoa kizazi pamoja na ovari. Kwa mbwa kijana anayetakiwa bado kuzaa, na usaha ukiwa unatoka, kuna sindano za prostaglandini ama aglepristoni zinazosaidia kizazi kujisafisha. Lakini ugonjwa unaweza kurudi baada ya joto lingine.

Antibiotiki za kujinunulia famasi haziondoi usaha, zinapoteza siku.

Asiyehitaji watoto wa mbwa amfungishe uzazi mapema, akiwa mzima. Upasuaji huo ni mwepesi kuliko ule wa haraka, mbwa akiwa ameshadhoofika.