Mbingu, Wahenga na Wafu katika Mapokeo ya Kichina

Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi Aprili, Wachina waishio Dar es Salaam hukusanyika Gongo la Mboto, yalipo makaburi ya wataalamu wenzao waliofariki nchini mwetu, wengi wao wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA. Huweka maua na kuinamisha vichwa mbele ya makaburi. Siku hiyo huitwa Qingming, siku ya kufagia makaburi. Mwamini mmoja aliniuliza: “Padre, wale wanaabudu wafu?” Swali hilo si jepesi; Kanisa lenyewe lilihangaika nalo kwa karibu miaka 300.

Konfusio (551–479 K.K.) hakuanzisha ukuhani wala hakufundisha habari za miungu. Alinena juu ya Mbingu, kwa Kichina Tian, kama mamlaka iliyo juu ya wanadamu. Alipoulizwa kuhusu kifo na jinsi ya kuitumikia mizimu, alimrudisha muulizaji kwenye wajibu wake kwa walio hai. Lakini alisisitiza mno heshima kwa wazazi, nayo heshima hiyo haikomi kaburini. Ndiyo maana nyumbani paliwekwa kibao cha mti chenye jina la marehemu, na mbele yake watoto walifukiza udi, waliandaa chakula na kupiga magoti. Je, marehemu hula? Xunzi, msomi wa karne ya tatu K.K., aliandika kwamba mwenye elimu huona katika ibada hizo wajibu wa kibinadamu, ilhali watu wa kawaida huona kuwa wanaitumikia mizimu. Tulikumbuke neno hilo, maana ugomvi wote uliofuata umo humo.

Utao ni habari nyingine. Tao maana yake ni Njia, chimbuko la vitu vyote. Lakini Njia hiyo haisikii sala wala haina uso. Yasimuliwa kwamba mwanafalsafa Zhuangzi alikutwa akiimba na kupiga chungu baada ya kufiwa na mkewe, kwa kuwa kwake kifo kilikuwa kama kupishana kwa majira. Watu wa kawaida hawakuweza kuishi kwa faraja kavu namna hiyo. Kuanzia mwaka 142 B.K., Zhang Daoling alipoanzisha jumuiya yake huko Sichuan, Utao ulikuwa dini yenye makuhani, na baadaye ukajaa miungu: Watakatifu Watatu walio juu ya wote, na Mfalme wa Yaspi mwenye maofisa kama serikali. Hata jikoni yuko mungu anayepeleka taarifa za familia mbinguni kila mwisho wa mwaka, na watu humpaka asali midomoni ili aseme maneno matamu!

Tumaini kuu la Watao wa kale lilikuwa kutokufa kabisa, kwa dawa na mazoezi ya pumzi. Baadhi ya wafalme wa Kichina waliuawa na dawa hizo, kwani zilikuwa na zebaki. Kwa waliokufa, iliaminika kwamba nafsi moja hupanda juu na nyingine hubaki ardhini. Na kutoka Ubudha yalipokewa mabaraza kumi ya hukumu kuzimuni.

Mjesuiti Matteo Ricci, aliyefika Macau mwaka 1582 na kufariki Beijing mwaka 1610, aliwasoma wasomi wa Konfusio akaona kuwa heshima kwa wahenga si ibada ya sanamu. Wadominiko walioishi na watu wa kawaida vijijini waliona sala na sadaka. Naamini kila upande ulisema kweli juu ya watu uliowajua. Papa Klementi wa Kumi na Moja alizikataza desturi hizo, mwaka 1704 na tena 1715. Kaisari Kangxi naye, mwaka 1721, akapiga marufuku mahubiri ya Kikristo. Benedikto wa Kumi na Nne alithibitisha katazo mwaka 1742. Wachina waliobatizwa wakalazimika kuchagua kati ya Kanisa na kibao cha baba yao, na wengi walihesabiwa na ndugu zao kuwa watoto wasio na shukrani.

Tarehe 8 Desemba 1939, chini ya Papa Pio wa Kumi na Mbili, Roma iliruhusu kuinamisha kichwa mbele ya marehemu na picha au vibao vyao, kama heshima ya kiraia. Kuwaomba wahenga kama miungu hakukuruhusiwa. Leo, katika parokia za Taiwan, wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, waamini hufukiza udi kanisani mbele ya kibao cha wahenga, na Padre wao husimama pamoja nao.