Swali la Mjamzito Usiku

Mjini Arusha na katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, mama mjamzito wa siku hizi akipatwa na shaka usiku hagongi mlango wa mkunga. Huwasha simu. Huuliza katika kundi la WhatsApp, au hutafuta katika Facebook na Instagram: je, miguu kuvimba ni kawaida? Je, udongo unadhuru? (Udongo huo wa kutafuna huitwa "pemba" huko Bara, jina ambalo ndugu zetu wa Kisiwani hawakuombwa idhini.) Majibu huja upesi, na hapo ndipo penye hatari, kwani anayejibu aweza kuwa mkunga stadi, na aweza kuwa mchuuzi wa dawa asiyejua lolote la uzazi.

Wako wanaowalaumu akina mama hao. Sisi hatukubaliani nao. Foleni ndefu ya kliniki na kauli kali ya muuguzi aliyechoka humfanya mama alimeze swali lake na kurudi nalo nyumbani. Na nyumbani nako si kila jibu ni salama. Kwa Wamaasai wa mkoa huo iko desturi ya mjamzito kupunguziwa chakula miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa, ilhali huo ndio wakati mwili unapohitaji nguvu na madini ya chuma. Binti aliyeyasoma hayo katika simu yake hakupotoka.

Aidha, kuwafuata wananchi walipo si jambo geni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilitumia redio na vikundi vya wasikilizaji vijijini. Mwaka 2012 "Wazazi Nipendeni" ikaanza kuwapelekea wajawazito ujumbe wa simu bila malipo. Hapa kwetu Unguja, mwaka 2009 na 2010, wajawazito zaidi ya 2,500 wa vituo 24 waliingizwa katika utafiti. Waliopewa ujumbe na vocha ya kumpigia mkunga, 44 katika kila 100 walihudhuria kliniki mara nne au zaidi. Wenzao wasiopewa walikuwa 31. Lakini katika kujifungua mbele ya mkunga, faida ilionekana kwa wanawake wa mjini. Wa shamba hawakuipata. Kwa hiyo mama wa juu mlimani, asiye na simu wala chaji, ahitaji mhudumu wa afya wa kumfikia kwa miguu.

Vifo vya uzazi nchini vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi wa mwaka 2015-16, na 104 katika ule wa 2022. Hatua hiyo ni kubwa mno, nasi hatupendi irudi nyuma kwa sababu mtu aliyetokwa na damu, au aliyeumwa sana na kichwa huku uso umevimba, aliambiwa na asiyemjua anywe majani na alale. Jibu la maswali hayo ni moja tu: njoo kituoni sasa hivi.

Twapendekeza kila kliniki, Arusha na Visiwani, iwe na simu ya kazi na mkunga wa zamu wa kuijibu hata usiku, namba yake ibandikwe mlangoni na iandikwe katika kadi ya kila mjamzito. Waganga wakuu wa mikoa na wilaya watuambie kituo gani kitaanza, na vocha ya simu hiyo italipwa kutoka fungu lipi.