BASTOLA YA KWANZA YA RAIA NCHINI KENYA

Katika nchi jirani ya Kenya, raia anayetaka kumiliki bastola haingii dukani akachagua kama anunuavyo saa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yamtaka apate hati kwanza, na hati hiyo si haki ya kila aombaye. Mwezi Desemba 2018 serikali ya nchi hiyo iliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya. Hata kabla ya hapo, tarehe 21 Aprili 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwamo, zilikuwa zimetia saini Itifaki ya Nairobi, ambayo yadai mwombaji apimwe uwezo wake wa kutumia silaha. Uwezo huo wawahitajika askari pia, kwani risasi iliyokosa shabaha mjini haibagui iwapo aliyeifyatua ni raia au polisi.

Wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hupotoshwa na udogo. Bastola ndogo hufichika vyema, lakini kwa risasi ile ile huusukuma mkono kwa nguvu zaidi kuliko iliyo nzito, tena ni ngumu kulengea. Bastola ya ukubwa wa kawaida ya milimita 9, mathalani Glock 17 ya Austria, humfaa zaidi mwanafunzi. Kipimo ni mkono wenyewe: kidole kikifikie kifyatuo pasipo kuugeuza mshiko. Askari hana uchaguzi huo. Hupokea anachopewa ghalani.

Adui mkubwa wa mwanafunzi ni kuungoja mshindo. Kidole hujikaza ghafla, mtutu huinama, na risasi huchimba mchanga mbele ya shabaha. Wakufunzi wazoefu huufichua ugonjwa huo kwa hila rahisi: huchanganya risasi bandia na za kweli ndani ya magazini pasipo mwanafunzi kujua mpango wake. Ikifika ile bandia, mshindo hausikiki, ila mtutu huinama vile vile, na uwanja mzima huona.

Dawa yake haigharimu risasi. Magazini hutolewa, chemba hukaguliwa kwa jicho na kwa kidole, risasi zote huwekwa chumba kingine. Kisha kifyatuo huvutwa polepole, alama ya mbele ya kulengea isitikisike. Dakika 10 kila siku zafaa kuliko kumaliza sanduku zima alasiri moja kwa mwaka. Kwa kikosi chenye risasi chache za mazoezi, hapo ndipo pa kuanzia, mkufunzi akiwapo na ghala likiwa limefungwa.