Elimu ya masafa huwaacha nje wanaoihitaji zaidi

SERIKALI ilipofunga shule mnamo Machi 2020 kutokana na janga la Covid-19, wanafunzi waliagizwa kuendelea na masomo nyumbani kupitia redio, runinga na intaneti. Wengi wao hawakurejea darasani hadi Januari 2021.

Sensa ya 2019 ilikuwa imekwisha kutoa onyo. Asilimia 56.9 ya familia nchini zilikuwa na redio, asilimia 40.7 zilikuwa na runinga na asilimia 17.9 zilikuwa na intaneti. Zilizokuwa na tarakilishi au tableti ni asilimia 8.8 pekee. Huo ni wastani wa taifa, na wastani huifunika Turkana kwa shuka la Nairobi.

Isitoshe, kuwa na kifaa si kusoma. Simu moja ya mzazi haiwezi kutumiwa na watoto watatu wa madarasa tofauti, hasa mzazi mwenyewe anapoondoka nayo alfajiri kwenda kibaruani. Msichana anayetumwa maji wakati wa kipindi cha Hisabati hukikosa, kwani redio haimsubiri. Kwa asiyesikia, redio ni sanduku tu. Naye asiyeona hafaidiki na mwalimu anayeandika ubaoni kwenye runinga bila kuyasoma maandishi hayo.

Ajabu ni kwamba nchi hii iliwahi kulielewa jambo hili. Mnamo 1967, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha huko Kikuyu kitengo cha masomo kwa njia ya posta, kwa ajili ya walimu wa shule za msingi waliotaka kujiendeleza. Walitumiwa vitabu, wakasikiliza vipindi vya redio, kisha wakakutana na wakufunzi ana kwa ana wakati wa likizo. Aliyekosa kipindi hewani alibaki na kitabu mkononi.

Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake Agosti 2023, hufundisha kupitia mtandao. Kwa mama mwenye watoto, au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, kuondolewa gharama ya nauli na bweni ni afueni kubwa. Hata hivyo, gharama ya data huhamia mfukoni mwake, na mtandao ukipotea kijijini hana pa kwenda. Vituo vya masomo mashinani, vyenye umeme, tarakilishi na maandishi yaliyochapishwa, vingemfaa kuliko hotuba nyingi kuhusu dijitali.