ZILIPENDWA: Aliyeshangiliwa jana, leo nani anamjua?



Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo tunaloliona kila siku. Waingereza wakimtaja mtu aliyekuwa na sifa kubwa kiisha akasahauliwa, wanamwita "has-been", ni kusema "aliyewahi kuwa". Ni neno la kejeli. Siye kwa Kiswahili tuna neno lenye huruma zaidi: zilipendwa. Ndivyo redioni wanavyoziita nyimbo za zamani. Hazipigwi sana sasa, lakini kuna watu waliozipenda, na hilo halifutiki.

Tuchukue mfano wa mtu ambaye wazee waliotoka Kongo watamkumbuka mara moja: Ndaye Mulamba.

Magoli 9

Mulamba alizaliwa mwaka 1948 Luluabourg, mji ambao leo ni Kananga. Mwaka 1973 alikuwa katika Vita Club ya Kinshasa, iliyochukua kombe la mabingwa wa Afrika. Machi 1974 akaenda Misri na timu ya taifa ya Zaire kwa Kombe la Afrika. Fainali walicheza na Zambia mara mbili, sababu mchezo wa kwanza uliisha 2-2. Wa pili Zaire ilishinda 2-0. Magoli yote manne ya Zaire aliyafunga yeye. Katika mashindano yale peke yake alifunga magoli 9, na mpaka leo hakuna aliyefikisha hesabu hiyo katika Kombe moja la Afrika. Rais Mobutu akawazawadia wachezaji nyumba na gari.

Juni mwaka uleule wakaenda Ujerumani Magharibi, kwenye Kombe la Dunia. Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Lakini walifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Tena, katika mchezo wa Yugoslavia, refa alimtoa Mulamba uwanjani kwa kosa la mwenzake! Waliporudi, Mobutu akawapa kisogo. Pole pole watu nao wakawa na mengine ya kuongea.

Kimya kwa mtu aliye hai

Mwaka 1994 Mulamba alikumbukwa. Aliitwa Tunisia kwenye Kombe la Afrika, akapewa heshima yake. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakidhani amekuja na pesa. Walimpiga risasi mguuni, na mtoto wake akauawa. Basi akakimbia, akawa mkimbizi Afrika Kusini. Kule Cape Town aliishi kwa shida, bila kazi, katikati ya watu wasiojua yeye ni nani.

Mwaka 1998, Kombe la Afrika likiwa Burkina Faso, habari zilikuwa zimeenea eti Mulamba amekufa. Uwanjani watu wakanyamaza dakika moja kumwombolezea. Kumbe mwenyewe yu hai.

Tufikiri kidogo. Mtu wa magoli 9 anaombolezwaje akiwa hai? Waliomjua hawakujua yuko wapi, na waliokuwa karibu naye hawakumjua. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Mulamba alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70.

Na sisi je?

Mtu akivuka mpaka, sifa yake haivuki pamoja naye. Yule aliyekuwa mkubwa wa shule, yule mama aliyezalisha nusu ya kijiji, fundi seremala, mwalimu wa kwaya, hapa wote ni namba kwenye kadi ya chakula. Watoto waliozaliwa ukimbizini wanamwona baba akipanga foleni tu, wanafikiri ndivyo alivyokuwa siku zote. Baba naye anaanza kujidharau. Anakuwa mkali, ao ananyamaza kabisa. Nyumba ngapi zimeharibika hivyo?

HCR haiwezi kuturudishia sifa hizo. Lakini sisi wenyewe tunaweza kufanya haya:

Watoto, ulizeni. Baba alifanya kazi gani? Bibi alijulikana kwa nini kijijini? Msingoje mpaka siku ya matanga ndipo msikie kwa wageni.

Wazee, simulieni bila kujigamba, na yaliyokuwa mabaya msiyafiche. Mwenye kujua kuandika aandike kwenye daftari: majina, miaka, kijiji, shule. Mtoto aliyekimbia akibebwa mgongoni hana namna nyingine ya kuyajua.

Majirani, mwenye ufundi mwombeni afundishe. Mulamba mwenyewe, miaka ya baadaye huko Cape Town, alifundisha timu ya mtaani. Hakungoja uwanja ujae tena.

Kazi iliyofanyika imefanyika. Yale magoli yalibaki 9 hata miaka ile ambayo hakuna aliyeuliza mfungaji yuko wapi. Jioni ya leo, mgeukie mzee aliye karibu nawe, umuulize: "Zamani, kwenu, ulikuwa unafanya kazi gani?" Kiisha ukae chini, sababu jibu linaweza kuwa refu.

Tuonane mwezi ujao.