Maji ya Makonde: Tuyahifadhi ardhini kabla ya kuyapandisha mlimani

MGENI anayefika Tandahimba wakati wa masika hushangaa. Mvua inanyesha ya kutosha, takriban milimita 1,000 kwa mwaka, mikorosho imestawi, lakini hakuna mto wala kijito. Akirudi mwezi Septemba atakuta ndoo ya maji ni bidhaa inayouzwa kama sukari.

Sababu ni udongo. Uwanda wa Makonde umefunikwa na mchanga mwekundu mnene, na maji huzama chini hadi yanapokutana na tabaka lisilopitisha maji. Hapo husafiri pembeni na kutokeza kama chemchemi chini ya miteremko, kwenye mabonde ya Kitangari na Ruvuma. Juu kuna watu na mashamba, chini kuna maji. Mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliikuta hali hiyo hiyo.

Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950 na baadaye kusaidiwa na Finland, ulijengwa juu ya ukweli huo. Maji yanachukuliwa bondeni, katika vyanzo kama Mitema na Mkunya, na kusukumwa kwa pampu mamia ya mita kwenda juu. Mwaka 2022 Serikali ilitia saini mikataba ya mradi wa miji 28 kwa mkopo wa India, na Makonde imo. Ni habari njema. Hata hivyo, pampu mpya haizalishi maji. Inavuta tu yale ambayo mvua imeyaweka ardhini.

Swali la kiuchumi ni hili: nani anaijaza akiba hiyo?

Hebu tupige hesabu. Nyumba yenye paa la bati la mita za mraba 50 hupokea lita 50,000 kwa mvua ya milimita 1,000. Ukitoa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki lita 40,000, sawa na ndoo 2,000 za lita 20. Kisima cha kuvunia mvua cha lita 10,000 kikijaa ni ndoo 500. Hata ukihesabu maji unayotumia wakati wa mvua, mengi humwagika uani, huingia barabarani, na mwisho huchimba korongo kwenye ukingo wa uwanda. Maji hayo yangezama, yangekuwa akiba. Yakikimbia, ni hasara mara mbili: maji yameondoka na udongo pia.

Dawa yake si ngeni. Mtaro wa kukinga maji wenye urefu wa mita 10, upana nusu mita na kina nusu mita hubeba lita 2,500. Ukijaa mara 10 kwa msimu, umezamisha lita 25,000 kwa nguvu ya jembe tu. Mitaro hiyo ifuate kontua kati ya mistari ya mikorosho, na maji ya barabarani yapunguzwe kasi kabla ya kufika mteremkoni.

Wenzetu wa Kitui, Kenya, wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga tangu miaka ya 1990. Ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake na kuhifadhi maji wakati wa kiangazi. Huko Walla Walla, Marekani, tangu mwaka 2004 wakulima wamekuwa wakielekeza maji ya majira ya baridi kwenye mashimo yazame, ili chemchemi zilizokuwa zikififia na vijito vya samaki vipate maji wakati wa joto. Hapa nchini, kumbukumbu za zaidi ya miaka 50 za visima vya Makutupora, Dodoma, zinaonyesha kuwa akiba ya ardhini hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa. Kwa hiyo mitaro iwe tayari kabla ya mvua hizo, si baada yake.

Faida haiishii kwa binadamu. Ni kweli Ruvuma huanzia milima ya Matogoro, Songea, na chemchemi zetu ni mchango mdogo kwa mto huo. Lakini mwezi Oktoba, maji ya mto yanapopungua, kila chemchemi bondeni ina thamani yake kwa viboko, ndege na samaki. Mnyama akikosa maji na majani kwake huyafuata kwenye shamba la mpunga, na hasara hiyo mkulima anaijua.

Zipo tahadhari. Usielekeze kwenye shimo maji yaliyopita chooni, zizini au mahali pa kuchanganyia viuatilifu vya mikorosho, kwa kuwa kinachozama leo kitanywewa bondeni kesho. Wala usitarajie matokeo mwaka ujao. Maji husafiri taratibu ardhini.

Hapo ndipo penye kikwazo. Anayechimba mtaro ni mkulima wa juu, anayechota ni mtu wa bondeni au mteja wa bomba mji mwingine. Hakuna atakayechimba bure miaka yote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, lakini haimlipi anayekijaza kutoka mbali.

Pendekezo langu ni kwamba sehemu ndogo ya ankara ya maji, na fungu kidogo la ushuru wa korosho, zirudi vijijini kulipia mitaro, miti ya kingo na ulinzi wa chemchemi, kwa makubaliano kati ya vijiji, vyama vya msingi, mamlaka ya maji na Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Umeme wa kupandisha maji tunaulipia kila mwezi bila kubishana. Maji yenyewe nayo yana gharama.

Wakati bodi zikijadili, mkulima asisubiri. Kabla ya mvua za Desemba, tazama maji ya paa lako yanaelekea wapi, kisha chukua jembe.